Delta Ina Wenyewe

Anayetaka kwenda Msala haulizi ni kilomita ngapi. Anauliza maji yanajaa saa ngapi. Kwa ramani, delta ya Rufiji iko karibu na Dar es Salaam kuliko Iringa au Dodoma. Gari litakufikisha Nyamisati, pale wasafiri wa Mafia wanapopandia chombo, na kuanzia hapo umbali unahesabiwa upya. Maji yakipwa, mkono wa mto uliokuwa ukipitisha mashua asubuhi unabaki tope jeusi lenye mfereji mwembamba katikati, na chombo kilichokosea hesabu kinalala ubavu mpaka maji yarudi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Wakati wa maji mafu husogea kidogo tu, na yapo mahori ambayo siku hizo hayapitiki kwa chombo chenye mzigo. Kila siku saa ya maji kujaa inasogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo ratiba ya jana haimfai msafiri wa leo. Watoto wa huko huijua hesabu hii kabla hawajajua kusoma. Mgonjwa naye huijua, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku, maji yakiwa yamepwa, huijua kuliko wote.

Nimeyatanguliza maji kwa sababu wengi wanaoizungumzia delta hutanguliza ukubwa. Ukubwa upo, sibishi. Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua iliyonyesha Njombe, Mbeya na Iringa hushuka kwa Ruaha Mkuu na Kilombero, ya kusini huja kwa Luwegu, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Yakifika pwani hugawanyika mikono mingi kama anayetafuta njia ya kutokea, na katikati ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mwaka 2004 Rufiji, Mafia na Kilwa ziliingizwa pamoja katika orodha ya Mkataba wa Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Ndani ya kijani hicho kuna Salale, Mbwera, Msala, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi, na vitongoji vilivyokaa mbalimbali juu ya vipande vya ardhi vilivyoinuka kidogo. Nyumba chache, msikiti, minazi, miembe, mitumbwi iliyofungwa kwenye mizizi. Anayeitazama delta kutoka angani, au juu ya meza ya ofisi, haoni vijiji hivyo. Huona kijani. Asipoona paa la bati hudhani hakuna mtu, na asipoona mtu hudhani hakuna mwenyewe. Hapo ndipo makosa mengi ya miaka zaidi ya mia moja yalipoanzia. Mimi nashikilia kwamba delta ina wenyewe, na kwamba uchache wao hauwapunguzii haki hata chembe.

Uenyeji wao unaonekana kwanza katika namna wanavyoujua msitu. Mlilana husimama mbele kabisa, unaokabili bahari. Mizizi yake huchomoza juu ya tope kutafuta hewa, na wavuvi huikata na kuifanya chelezo za nyavu kwa sababu ni myepesi na huelea. Mbao zake zilizopinda zinafaa kwa mataruma ya vyombo. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, uliosimama juu ya miguu mingi ya mizizi, mti mnyoofu unaotoa boriti, na ambao mbegu yake huota ingali juu ya mti mama, ikadondoka tayari ikiwa mche mrefu wa kuchoma topeni. Mui nao hutoa nguzo. Mkandaa ni mwembamba na mgumu, mchwa hauwezi upesi, kwa hiyo ndio wa fito na wa kuta. Magome yake yana rangi nyekundu ya kutia ngozi na kamba. Mchu hustahimili chumvi nyingi kuliko wenzake, na kuni zake zimechoma chokaa nyingi ya pwani hii. Mkomafi ni wa seremala. Msikundazi hukaa nyuma, karibu na maji baridi, na mbao zake hutafutwa na mafundi wa vyombo. Mtu anayejua haya yote hakati ovyo, kwani anajua kinachomfaa, kimefikia unene gani, na kiko hori gani.

Chini ya miti hiyo kuna maisha mengine, na hapo natamani kukaa kidogo, maana kuna jambo ambalo watu wengi wanaokula kamba mjini hawalijui. Kamba hutaga baharini. Viluwiluwi vyake husukumwa na maji mpaka ndani ya mikoko, humo hula na kukua kati ya mizizi ambako samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi, kisha hutoka tena kwenda baharini kutaga. Anahitaji chumvi, lakini si chumvi tupu. Anahitaji mto ulete maji baridi na tope lenye rutuba kwa wakati wake. Ndiyo sababu sehemu kubwa kabisa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka mbele ya delta hii, kati ya milango ya Rufiji na kisiwa cha Mafia. Kaa wa matope nao wana mashimo yao humo humo, na siku hizi husafirishwa wakiwa hai kwenda Asia ya mbali. Kuna chaza, kuna nyuki wanaotengeneza asali kwa maua ya mikoko, kuna ndege wanaotoka Ulaya wakati wa baridi na kuja kula kwenye tope. Kuna pia mamba na viboko, na hao hawatajwi kwa upole na mtu yeyote anayekwenda shambani kwa mtumbwi.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Wageni wa delta wameiwamba kila mmoja kwa namna yake. Wa kwanza walitaka boriti. Kwa karne nyingi vyombo vilivyokuja na kaskazi kutoka Oman, Bahrain na Kuwait viliondoka na kusi vikiwa na miti ya mikoko ya mwambao huu, Rufiji na Lamu zikitajwa sana. Nchi zile hazina miti ya kujengea, na dari za nyumba zao zilishikwa na boriti za kwetu. Ukiingia nyumba kongwe ya mawe Unguja, Lamu au Muscat, utakuta vyumba virefu na vyembamba. Upana wake uliamuliwa na urefu wa mkoko: boriti ikizidi mita tatu hivi haibebi dari bila kupinda. Ni jambo la kutafakari kwamba vyumba walimozaliwa masultani na mafundi wa kalamu vilikatiwa kipimo katika tope la Rufiji.

Wajerumani waliuweka msitu huu chini ya hifadhi mwaka 1898, miongoni mwa misitu ya kwanza kabisa kuhifadhiwa katika koloni lao. Si kwamba walitaka usiguswe. Walitaka kila anayekata alipe, na magome yapelekwe viwanda vya ngozi. Tangu hapo mkazi wa delta amekuwa akiishi ndani ya mali ya serikali, yeye, nyumba yake na kaburi la babu yake. Serikali zimebadilika mara tatu, na hali hiyo kwa sehemu kubwa imebaki vile vile: mikoko yote ya Bara ni hifadhi, na vijiji vilivyokuwamo kabla ya hifadhi vinaonekana kama vimeingia baadaye.

Mwaka 1939 alikuja baharia wa Australia, Alan Villiers, ndani ya jahazi la Kuwait lililofuata boriti. Katika kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, alieleza kazi ile ya kukata na kupakia kwenye matope na mbu, na alichokiona hasa ni taabu. Simlaumu, taabu ilikuwepo. Ila msomaji wa kitabu kile hubaki na Rufiji ambayo ni ya jahazi na nahodha wake. Wale waliowaongoza mahorini, waliojua mti gani umekomaa, wanapita ukurasani kama kivuli.

Miaka ishirini na mitano kabla yake, delta ilikuwa imepata umaarufu wa namna nyingine. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikaingia kujificha Rufiji kwa sababu mashine zake zilikuwa zimeharibika. Vipande vya mashine vilivutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na vikarudishwa. Waingereza walifunga milango ya mto kwa miezi mingi, wakaleta ndege na manowari za kina kifupi, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao iliyokwisha kupigwa. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikapigana vita vya nchi kavu, na mmojawapo unaweza kuuona leo Fort Jesus, Mombasa. Historia hiyo imeandikwa mara nyingi sana, na vizuri. Majina ya manahodha yamo, ya marubani yamo, hata unene wa chuma cha meli umo. Majina ya waliovuta vile vyuma kwenye mchanga na tope hayamo. Najua huo ulikuwa mtindo wa zama zile. Nautaja kwa sababu mtindo wenyewe haujafa.

Ulirudi miaka ya 1990, umevaa suti. Kampuni moja iliomba maelfu ya hekta ndani ya delta ichimbe mabwawa ya kufugia kamba, mradi uliotajwa kuwa ungekuwa miongoni mwa mikubwa duniani. Baraza la Taifa la mazingira, NEMC, lilishauri ukataliwe. Hata hivyo mwaka 1997 serikali iliukubali kwa masharti. Hoja ya kuutetea ilikuwa ile ile: eneo ni kubwa, watu ni wachache, fedha za kigeni ni nyingi. Wanakijiji waligawanyika, kama watu wa popote wanavyogawanyika wakiahidiwa kazi, lakini wengi walikataa, na wakaenda mahakamani wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira. Mradi haukujengwa. Mimi huuhesabu ushindi ule kuwa miongoni mwa matukio makubwa ya haki ya ardhi katika pwani yetu, na hunisikitisha kuona vijana wanaosoma sheria wasiujue. Walioshinda hawakuwa na wingi. Walikuwa na maarifa: waliweza kueleza kamba anaingia wapi, anatoka lini, na bwawa litaziba njia ipi.

Baharini mambo yalikwenda vibaya zaidi. Meli za kukokota nyavu zilivua kamba mbele ya delta kwa miaka mingi, zikibeba kamba na kutupa samaki wengine waliokwisha kufa, na wavuvi wa mitumbwi walilalamika kwamba nyavu zao zilikuwa zinapitiwa na kuchanwa. Mwishoni mwa mwaka 2007 serikali ilizisimamisha kwa sababu kamba walikuwa wamepungua mno. Mvuvi mdogo alikuwa amelisema hilo mapema. Hakuwa na chombo cha kupimia isipokuwa tenga lake, na tenga halialikwi kwenye mkutano.

Sasa nije kwenye maji ya kunywa na chakula, maana mtu halishwi na historia. Delta imezungukwa na maji, na maji ya kunywa ni shida yake ya kila kiangazi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mto hushuka kwa nguvu na kuisukuma chumvi nje. Wakati huo mtu anaweza kuchota mbele ya nyumba yake. Mto ukilegea, bahari hupanda ndani, visima vya karibu vinageuka chumvi, na watu huchukua madumu kwenye mtumbwi na kupiga kasia kwenda juu ya mto mpaka wayakute maji baridi. Kazi hii kwa kawaida ni ya wanawake na watoto. Inafuata maji kujaa na kupwa kama safari nyingine zote, kwa hiyo huwezi kusema ni ya asubuhi wala ya jioni, na shule haisogezi kengele yake kufuata mwezi.

Mpunga wa delta umetegemea mabadiliko hayo hayo ya chumvi. Wakulima husafisha kipande cha msitu mahali ambapo mto huleta maji baridi ya kutosha kuosha ardhi. Hungoja mvua na mafuriko yaondoe chumvi, kisha hupandikiza miche iliyokwisha kurefuka kitaluni, kwa sababu mche mdogo hukatwa na kaa usiku mmoja ukaisha wote. Hujenga dungu juu ya miti, wakalala humo kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori, tumbili na viboko. Baada ya miaka kadhaa magugu huzidi na rutuba hupungua, wakaacha pale na kwenda kufungua kipande kingine. Juu zaidi ya mto, nje ya mikoko, wenzao hulima mlau: wanapanda kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko, bila mvua, bila mbolea, kwa rutuba ya tope jipya. Mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu wa bonde kwenda kwenye vijiji vya nchi ya juu. Waliopanga waliyaona mafuriko kuwa ni maafa tu. Wakulima waliyajua pia kuwa ni mbolea, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wanashuka bondeni msimu wa kulima.

Sisemi kwamba kukata mikoko kwa ajili ya mpunga hakuna madhara. Kuna madhara, na yanaonekana, hasa upande wa kaskazini wa delta ambako mto ulihamishia nguvu zake tangu mafuriko ya miaka ya 1970. Penye mkoko uliokatwa, kamba mdogo hana pa kujificha na ukingo hauna wa kuushika. Tope la mikoko limehifadhi kaboni nyingi kwa karne na karne, na likifukuliwa huiachia. Lakini naomba tumtazame vizuri huyu anayekata. Analima kwenye ardhi ambayo sheria inasema si yake. Mara kwa mara ameamriwa aondoke. Hawezi kuchimba mfereji wa kudumu wala kujenga tuta la kuzuia chumvi, kwa sababu mtu hawekezi jasho la miaka kumi mahali anapoweza kufukuzwa mwezi ujao. Kwa hiyo analima kwa namna pekee iliyobaki kwa mtu asiye na uhakika: afungue, avune, ahame. Tunamlaumu kwa kuhamahama, na sisi ndio tuliomnyima pa kutulia.

Kulikuwa na mtu aliyelifikiria hili mapema. Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa mimea ya bahari, aliandaa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Bara uliotoka mwaka 1991, miaka michache baada ya serikali kupiga marufuku ukataji. Mpango wake uliigawa mikoko katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa mpango, ya kuachwa ipone, na ya shughuli za maendeleo. Wazo lake lilikuwa jepesi kulielewa na gumu kulitekeleza: msitu wenye watu hulindwa pamoja na watu wake. Alifariki mwaka 2001. Mikoko mingi imepandwa tangu hapo, na wanakijiji wenyewe ndio waliochoma miche topeni. Kilichochelewa ni ile sehemu ya pili, ya kuwapa waliopanda neno la mwisho juu ya walichopanda. Sasa biashara ya kaboni imefika pwani, na hekta hizi zinatajwa katika mikutano ya mbali. Kabla ya tani moja kuuzwa, ijulikane kijiji kinapata nini na kimesaini nini.

Na huduma je? Mwaka 2007 nchi ilianzisha mpango wa afya ya msingi uliolenga zahanati katika kila kijiji. Ni lengo jema nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kila bajeti, ikifika kwenye meza ya kukata, hukatwa kwa hesabu ya vichwa: watu wangapi watahudumiwa kwa shilingi hii? Kwa hesabu hiyo delta itashindwa daima. Kijiji cha watu mia kadhaa, kinachohitaji boti, mafuta ya boti, nahodha anayejua mahori, na muuguzi atakayekubali kukaa mahali pasipo na maji baridi kiangazi kizima, hakitakuwa nafuu hata siku moja. Mwalimu anayepangiwa huko huanza kuandika barua ya uhamisho. Si kwamba hana moyo. Hana nyumba, na mshahara wake anaufuata kwa safari ya mtumbwi na basi.

Mimi naona hesabu ya vichwa ni hesabu nusu. Nusu nyingine ni ya kile ambacho mahali pale hutoa. Kamba wa delta wamekaa kwenye meza za hoteli na wameleta fedha za kigeni kwa miongo. Boriti zimeshika dari za miji. Mikoko huikinga pwani na hulea samaki wanaovuliwa mbali nayo. Yote haya hutoka bila kuuliza idadi ya watu. Inakuwaje idadi ianze kuulizwa pale tu kitu kinapotakiwa kuingia? Boti ya wagonjwa yenye mafuta ya mwaka mzima ni haki ya mahali kama hapo. Nyumba ya mwalimu yenye tangi la kuvunia maji ya mvua ni haki. Wala si mambo makubwa. Mvua ya Rufiji ni nyingi, na bati na tangi ni vitu vinavyouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Limebaki la mto. Juu ya delta, kwenye korongo la Stiegler, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Nchi ilihitaji umeme huo, na nisingependa kurudi kwenye migao ya giza tuliyoizoea. Ila bwawa hubadilisha mto. Tope lililokuwa likishuka mpaka pwani sasa sehemu yake hutulia ndani ya bwawa, na delta hujengwa na tope. Kilele cha mafuriko kilichokuwa kikiosha chumvi mashambani kinaweza kupungua. Kwa upande mwingine, maji yakifunguliwa kwa kipimo kiangazi, chumvi inaweza kurudishwa nyuma na mama mmoja wa Mbwera akapunguziwa safari ya kasia. Kila kitu kinategemea lango linafunguliwa lini na kiasi gani. Aprili 2024, mvua zilipozidi, maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na ukazuka mjadala mkubwa kuhusu bwawa na mvua, kipi kimechangia nini. Nisingependa kuuamua mjadala huo hapa. Ninachojua ni kwamba mkulima anayeishi chini ya lango anahitaji kujua kabla.

Kwa miaka mingi watu wa delta walisoma mto kwa mwezi, kwa rangi ya maji, kwa upepo. Sasa sehemu ya mto inaendeshwa na mtu aliye kwenye chumba cha mitambo, na mtu huyo anaweza kupigiwa simu. Basi wanaohusika na bwawa na bonde waandike ratiba ya kufungulia maji, kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na tarehe za bamvua. Ibandikwe kwenye ofisi za kata za Salale, Msala, Maparoni, Kiongoroni na Mbuchi kabla ya msimu wa kupandikiza mpunga, itangazwe redioni, na ikibadilika watu waambiwe siku hiyo hiyo. Na katika kikao kinachoipanga ratiba hiyo wakae wakulima na wavuvi wa delta, wakiwa na haki ya kupiga kura.